Mashine Isiyosikia Mpaka Ipigwe

Katika ukoo wetu kitu hakifanyi kazi mpaka kipigwe. Baba yetu alikuwa na redio ya mbao iliyoanza kukoroma kila ilipofika taarifa ya habari, na kila ilipokoroma aliitandika kofi la ubavu, ikasema. Taa ikififia ilipigwa. Saa ya ukutani ikichelewa ilipigwa. Sisi watoto tulipigwa hata tusipochelewa, kwa tahadhari tu. Mimi nilitoka hapo nikawa muuza nyama, kazi ambayo kupiga kuna faida, na mdogo wangu wa kiume akawa mchomeleaji wa mageti. Mtaa ulimpa jina la Nyundo, naye akalipokea kama mtu aliyepewa cheo.

Lakini habari hii si yake. Ni ya mkewe, wifi yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Harusi. Watu walimletea picha za video za harusi zao, zilizopigwa na kamera huku na huku, zimejaa migongo ya wageni na watoto wanaolia, naye alizikata na kuziunga mpaka zikawa harusi ambayo hata mwenyewe ungetamani kualikwa. Alikuwa mdogo wa umbo, mikono yake haikuwa na haraka, na alikuwa na sikio kali. Siku ya kwanza kuingia buchani kwangu alisimama chini ya paja la ng'ombe linaloning'inia, akalitazama, akasema, "Wewe unakata ng'ombe, mimi nakata maharusi, na wote wawili tunatupa mafuta." Nikampenda hapo hapo.

Kompyuta yake alijengewa na Nyundo. Kusema kweli vifaa vya ndani alivitafuta mwenyewe wifi kwa wauza vyombo vilivyotumika, kimoja kimoja, na ndiye aliyevipanga na kuviunganisha. Kazi ya Nyundo ilikuwa boksi. Alilichomelea kwa bati nene la geti, likawa zito kiasi kwamba halikuinuliwa na mtu mmoja, na kingo zake hakuzipiga tupa, kwa hiyo zilikata vidole. Akalifunga kwa bolti za geti, akazipaka rangi ileile ya boksi, na spana ya kuzifungulia akaitia kwenye mnyororo wa funguo zake kiunoni. "Hakuna duka linalouza boksi kama hili," alijisifu. Ni kweli, maduka yana aibu.

Ndani ya boksi lile kulikuwa na diski, na ndani ya diski zilikaa harusi zote. Alikaa humo pia mama yake wifi. Marehemu yule hakupenda kupigwa picha, na katika maisha yake yote hakuna aliyefanikiwa kumpiga hata moja ya maana. Ila kabla hajafa wifi alimtegea kamera jikoni akichambua mboga, na mama alipoiona akaanza kuigombeza. Anaigombeza muda mrefu, kwa ufundi, kisha anasahau hasira na kuanza kusimulia ujana wake. Wifi alinionyesha mara moja. Sura ile na sauti ile hazikuwepo mahali pengine duniani.

Basi asubuhi moja wifi akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema kwamba diski ya kuwashia haionekani. Kompyuta ikiamka hutafuta diski kama mtu anayeamka anavyopapasa miwani yake. Asipoipata haendi popote. Wifi akazima, akawasha, maandishi yaleyale. Nyundo alikuwa anavaa viatu. Akaja na kiatu kimoja, akalitandika boksi kofi la ubavu, tena kofi la baba kabisa, na mashine ikawaka.

"Haisikii mpaka ipigwe," akasema, akaenda kazini akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila asubuhi Nyundo alipiga, mashine ikaamka. Kofi likawa ngumi, bati likabonyea pale mkono ulipozoea kutua. Mashine ikizima katikati ya siku, wifi alilazimika kwenda karakana kumwomba, mbele ya wanaume wenye miwani myeusi na cheche zinaruka, aje aipige. Naye hakukurupuka. Alimaliza kuunga chuma chake kwanza, akainua miwani, akawauliza wenzake kama wameona jinsi mtu asivyoweza kufanya lolote bila yeye. Nilimwona mwenyewe akifurahia, na nilijua tunakoelekea, maana mkono uliozoea kuitikiwa hauulizi tena unapiga nini.

Akaanza na wifi. Kwanza kusukuma, kisha kofi, na kila mara kwa maneno yaleyale ya mashine. Siku moja bwana harusi mmoja alikuja kufoka kwamba harusi yake imechelewa. Nyundo alikuwa nyumbani. Alimkamata ukosi, akambamiza uso kwenye mwimo wa mlango, akamtupa nje kama gunia, damu ikaacha mchirizi mpaka barazani. Kisha akafunga mlango na kumgeukia mkewe, akamuuliza kwa nini wanaume wanapiga kelele nyumbani kwake. Jirani yao anasema hakungoja jibu.

Wifi aliingia buchani akiwa na jino lake mkononi. Nilikuwa napasua mbavu. Nikamkalisha, nikampa maji asukutue, yakatoka mekundu, nikamwambia ahamie kwangu siku hiyo hiyo na asirudi hata kuchukua kandambili. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kwa hasira anabaki kwa ajili ya nini, au anapenda kipigo.

"Mama yumo mule," akasema. "Na boksi siwezi kulifungua. Spana iko kiunoni kwake."

Nilipandwa na mori. Sikuvua hata aproni. Nilichukua mfupa wa paja, mzima, nikaenda nao karakana, na bila salamu nikamchapa nao Nyundo begani, halafu mgongoni, halafu alipogeuka nikamtia ngeu. Alianguka katikati ya mageti yake yakamwangukia kwa kelele. Wenzake walisimama tu, maana dada mkubwa haamuliwi. Nyundo akajifuta damu usoni, akacheka, akasema mkono wangu umefanana na wa marehemu baba. Nikarudi dukani nikijiona nimefanya kazi.

Kesho yake wifi alikuja na jicho moja limefumba kabisa.

"Wifi," akaniambia taratibu, "ukimpiga yeye, anayelipa ni mimi. Usinisaidie kwa mfupa. Niazime spana."

Spana ninayo, ya msumeno wangu wa nyama, na bolti ni bolti. Siku Nyundo alipokwenda kufunga geti upande wa pili wa mji, nilifunga bucha nikaenda. Wifi alichomoa waya ukutani, akashika chuma kitupu kwanza ili umeme wa mwilini umtoke, kisha tukafungua. Nilitegemea kuona maajabu, nikaona vumbi, feni, ubao wenye mistari, na diski, kitu kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikamuuliza kama huyo ndiye anayetutesa wote.

Alianza kutafuta ugonjwa, na hapo ndipo nilipomjua. Sisi tungelipiga. Yeye aliondoa kitu kimoja, akajaribu, akakirudisha, akaenda kwa kingine, hakugusa viwili kwa pamoja hata mara moja. Alichomoa kipande cha kumbukumbu, akakisugua meno yake kwa ufutio wa shule, akakirudisha. Maandishi yaleyale. Akabadili plagi ya umeme wa diski. Yaleyale. Kisha akashika waya bapa unaotoka kwenye ubao kwenda kwenye diski, akautikisa kwa ncha ya kidole, na plagi ikacheza kama jino langu la nyuma. Kishikizo chake kilikuwa kimevunjika. Mashine ikipata joto kisha ikapoa, plagi inajisogeza nje kidogo, na diski haionekani tena. Kofi la Nyundo lilikuwa linairudisha ndani, basi.

Kulikuwa na kisomea sidii ambacho hakuna anayekitumia siku hizi. Wifi akachomoa waya wa kisomea sidii, akautia kwenye diski, ukaingia ukalia *ka*. Akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka bila kuguswa. Tukabaki tukiitazama, na ninakiri nilisikia uchungu nikimkumbuka baba na redio yake.

Wifi hakufurahi. Aliinamisha sikio mpaka likakaribia diski.

"Sikiliza," akasema. Nikasikiliza. Ndani yake kulikuwa na kitu kinagonga, tak, kinanyamaza, tak. Akanieleza kwamba ndani ya diski kuna sahani inazunguka kwa kasi, na juu yake mkono mdogo unaosoma bila kugusa. Ukilipiga boksi wakati inazunguka, mkono unaanguka kwenye sahani na kuikwaruza. Kwa hiyo kofi lile lile lililoiamsha mashine kila asubuhi ndilo lililokuwa linaiua diski, na mama yake pamoja nayo.

Nikamwambia aichomoe, twende. Akakataa. Alikuwa na harusi ya binti mmoja amebakiza kipande cha mwisho, ameahidi, na mashine nyingine hana. Akiondoka na diski leo, bibi harusi wa watu hana harusi. Nilimwita majina. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe sijawahi kumwacha ng'ombe nusu. Tukafunga bolti, nami nikamwachia spana, akaificha kwenye debe la unga.

Sasa tazama mtego aliokuwa ndani yake. Akinyamaza, Nyundo ataendelea kupiga na diski itakufa. Akisema, Nyundo atajua amefungua. Akaamua kuamka kabla yake na kuiwasha, ili mumewe aikute tayari imeamka. Siku ya kwanza Nyundo alisimama mbele ya mashine na mkono umeinuka, akaushusha. Akacheka. "Sasa imejifunza," akasema. "Imeniogopa." Wifi alinisimulia, tukacheka mpaka kidonda cha mdomo wake kikafunguka.

Lakini mkono wa ndugu yangu haukuzoea likizo. Siku zilizofuata alizunguka nyumba akitafuta kosa, na mtu akitafuta kosa halikosi. Asubuhi moja akaliinamia boksi. Yeye ni fundi chuma, ana macho. Rangi ya bolti ilikuwa imechubuka.

Akamuuliza nani amefungua mashine yake. Wifi angeweza kudanganya, angeweza kunitaja mimi.

"Mimi," akasema. "Waya ulikuwa umelegea. Nimeubadilisha. Haihitaji kupigwa tena."

Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililomwua. Mwanamume yule alikuwa amejengea heshima yake yote juu ya kofi, na mkewe anamwambia halihitajiki. Akakunja ngumi, akalipiga boksi huku linafanya kazi, mara moja, kwa nguvu zake zote. Diski ikagonga tak tak tak mfululizo, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi na mstari mweupe. Wifi akapiga ukelele kana kwamba ngumi imeingia mwilini mwake. Ndipo ikaingia kweli. Alimpiga kipigo cha mbwa mwizi, kwa ngumi na kwa kiatu, akamkunja mkono mpaka kiwiko kikalia, akampasua juu ya jicho. Alipochoka akavaa kofia yake akaenda kazini. Nyuma aliacha agizo kwamba akirudi mchana aikute mashine inaomba radhi.

Wifi alitambaa mpaka kwenye debe la unga. Kwa mkono mmoja alifungua bolti zote, akatoa diski, akaiviringisha kwenye nguo. Halafu, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko askari wote, akarudisha ubavu wa boksi na kukaza bolti zote tena, moja moja, kwa mkono mmoja, damu inamdondokea. Nilimuuliza baadaye kwa nini alipoteza muda. Akasema hajawahi kuacha kazi wazi.

Alipoingia buchani mteja mmoja aliangusha nyama yake. Nilitaka twende hospitali kwanza. Akasema diski kwanza, kila dakika inazidi kuharibika. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna fundi simu, mzee mpole mwenye kompyuta yake ya dukani, akatupisha kwenye kiti bila kuuliza. Mimi nilikuwa nimesikia mahali kwamba diski mgonjwa huwekwa kwenye baridi, nikajitolea friza langu. "Si maini hayo, wifi," akanijibu, na mdomo wake uliovimba ukajaribu kutabasamu.

Aliunganisha diski kwenye mashine ya fundi simu, na mashine ya watu nayo ikaganda. Nikasema imekwisha. Yeye akazima, akawasha tena, akaingia kwenye mipangilio ya awali, pale mashine inapoambiwa itafute wapi kwanza, akakuta inang'ang'ania kuamkia kwenye diski mgonjwa. Akaiamuru ianze na diski ya fundi simu, huyu mgonjwa aje nyuma, kama mgeni, si kama mwenye nyumba. Mashine ikaamka. Diski ikaonekana, inagonga, lakini imo. Hakufungua harusi hata moja. Alimshika mama yake, akaanza kumnakili.

Ulikuwa mstari wa kijani unaosogea kwenye skrini, na sijawahi kuuchukia mstari hivyo. Ulifika kati ukasimama. Tak, tak. Wifi akazima kila kitu, akailaza diski upande mwingine, akaiacha ipoe. Sisi tumesimama. Fundi simu amevua miwani. Nilimfunga kiwiko kwa kamba ya aproni yangu, na yeye hakuondoa macho. Akawasha tena, ukaanzia ulipoishia, ukasimama, ukasogea, ukasimama. Mara ukafika mwisho. Akajaribu kuchukua na harusi, ile ya binti aliyemwahidi kwanza, na hapo diski ikagonga mara moja kubwa ikanyamaza moja kwa moja. Wifi akaichomoa akaishika kiganjani.

Mimi nilirudi kwenye gogo langu, maana wateja walikuwa wananisubiri, na jirani wa wifi akaja mbio. Nyundo amerudi mchana, akasema, amekuta nyumba haina mtu, akaiwasha mashine na haikuwaka. Akaipiga makofi. Akaipiga ngumi. Kisha nyundo yenyewe, na mtaa mzima umetoka nje kusikiliza, bati linalia bila kupumzika. Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea, lakini sikucheka. Nikamwambia fundi simu apige simu polisi, na nikamtaja ndugu yangu wa tumbo moja kwa jina lake lote.

Nyundo alifika kabla yao. Alisimama mlangoni mwa bucha. Mkono wa kulia alikuwa ameuzungushia fulana, na fulana inachuruzika. Bati lilikuwa limepasuka na kingo zile ambazo hakuzipiga tupa zilimchana mpaka mfupa. Mkono wa kushoto ulishika nyundo ya kazi. Wateja wakajibana ukutani. Nikaliweka shoka juu ya gogo mahali anapoliona, na mkono wangu sikuuondoa kwenye mpini.

Wifi alitoka kwa fundi simu akasimama kando yangu. Jicho limefumba, mkono umefungwa kwa kamba ya aproni. Nilimwambia arudi ndani. Hakurudi. Nyundo akamtazama, na naapa, sauti iliyomtoka haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa.

"Haiwaki," akasema. "Nimeipiga mpaka mkono umevunjika, na haiwaki. Ina nini?"

Wifi akafungua kiganja.

"Diski ninayo tangu asubuhi," akasema. "Ulikuwa unapiga boksi tupu."

Nyundo aliitazama ile sabuni ya chuma. Akautazama mkono wake, fulana, matone sakafuni. Ile nyundo ya mkono wa kushoto ikaanza kuinuka, nami nikainua shoka, na Mungu anajua nilikusudia. Ndipo fundi simu, ambaye kwa woga alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta yake na alitaka tu kuhakikisha kazi imetoka vizuri, akabonyeza mahali. Sauti ya mwanamke mzima ikajaa mpaka barabarani.

"Hebu toa hicho kidude usoni kwangu. Kwani huna kazi ya kufanya?"

Nyundo aliijua sauti. Mkwewe. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe, akapiga hatua nyuma na kuinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya kila alipoingia kwa mama yule, na polisi wakamkuta amesimama hivyo hivyo. Aliita jina la wifi walipokuwa wanampeleka. Hakuitikiwa. Wifi alikuwa amekwisha kugeuka, amevuta kigoda mbele ya skrini, anagombezwa na mama yake.